Kuziba pengo kwa kipandikizi cha jino: hatua kwa hatua, tangu kabla jino halijang'olewa

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa zama zao walisema kweli. Jino lililochongwa kwa pembe ya ndovu hukaa juu ya ufizi tu. Halina mzizi, na mfupa ulio chini yake huendelea kuisha. Kipandikizi ni kitu kingine: ni skrubu fupi ya titani, unene wake milimita 3 hadi 5 na urefu wake 8 hadi 13 hivi, inayopandwa ndani ya mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi. Jino la bandia hufungwa juu yake.

Mimi niling'olewa gego la chini, upande wa kushoto, nikakaa na pengo miaka sita. Halikuonekana nikicheka, basi nikalisahau. Nilipokuja kutaka kulijaza nikakuta mfupa umekonda kama ukuta wa udongo uliopigwa na masika mawili, na gego la juu limeteremka kuifuata nafasi tupu. Kazi ambayo ingekwisha kwa upasuaji mmoja ikataka miwili, na mwaka mzima ukaniishia humo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mbali, jino likiwa bado mdomoni.

Hatua ya 1: Hakikisha jino kweli haliokoleki

Wengi wetu huenda kwa daktari jino likiwa limeshatunyima usingizi siku tatu, na tunachotaka ni ling'olewe turudi nyumbani tulale. Lakini jino lililooza mpaka likagusa neva mara nyingi bado lina mzizi mzima. Linaweza kusafishwa mzizi, likazibwa, likavishwa kofia, yaani gamba gumu lenye umbo la jino la kulifunika. Hakuna kipandikizi kinacholishinda jino lako mwenyewe. Kabla ya sindano ya ganzi uliza: "Daktari, likisafishwa mzizi litadumu?" Jino lililopasuka mzizi kwa wima, au linalocheza kwa sababu ugonjwa wa fizi umekula mfupa wote, hilo liache liende.

Kama jino zima limeng'oka kwa ajali, iwe ya bodaboda au ya mpirani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kidogo tu, lirudishe kwenye shimo lake, ng'ata kitambaa safi, ukimbilie kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa baridi. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na jino likikaa kavu saa nzima matumaini hupungua sana. Hayo ni kwa meno ya ukubwani. Jino la utoto halirudishwi.

Hatua ya 2: Linda mfupa siku ile ile ya kung'oa

Mfupa unaozunguka mzizi huishi kwa kazi ya jino. Jino likiondoka, mfupa huo hukosa kazi na mwili huanza kuuyeyusha. Katika mwaka wa kwanza ukingo wa taya hupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo siku ya kung'oa ndiyo siku ya kuamua, hata kama pesa ya kipandikizi huna bado.

Mwambie daktari mapema kwamba unafikiria kupandikiza. Atang'oa taratibu, kwa kulikata jino vipande ikibidi, ili asivunje ukuta mwembamba wa mfupa ulio upande wa shavu au mdomo. Anaweza pia kujaza shimo kwa unga wa mfupa na kulifunika kwa utando, ili nafasi isibomoke.

Uliza unga na utando huo vimetokana na nini. Upo unga wa mfupa wa ng'ombe, upo wa binadamu, upo uliotengenezwa kiwandani, na tando nyingi zinazotumika duniani ni za nguruwe. Kwa Mwislamu hilo si jambo la kugundua baada ya nyuzi kushonwa, na kwa asiyetumia kitu cha mnyama vilevile. Mbadala upo, ila lazima uagizwe mapema.

Hatua ya 3: Pima njia zote tatu

Pengo huzibwa kwa meno ya kuvua, kwa daraja, au kwa kipandikizi. Meno ya kuvua ndiyo ya bei nafuu na hutengenezwa kwa wiki chache, ila hayauzuii mfupa kuisha, ndiyo maana yanayokaza leo huanza kuruka mdomoni baada ya miaka. Daraja hufungwa kwenye meno mawili ya jirani, na ili lifungike meno hayo husagwa. Kama meno hayo ya jirani tayari yamezibwa sana na yanahitaji kofia, daraja ni uamuzi mzuri tu. Kama ni mazima kabisa, mimi nisingekubali yasagwe.

Hapa niwakumbushe wenye mwanya. Mwanya si pengo. Kwetu ni urembo wa kuzaliwa nao, na aliyepoteza jino la mbele lenye mwanya ana haki ya kuurudisha. Daraja la kawaida huufunga, kwa kuwa meno yake yameungana. Kipandikizi husimama peke yake, hivyo nafasi inaweza kuachwa kama ilivyokuwa. Mpelekee daktari picha ulizopiga ukicheka zamani, na useme waziwazi kwamba unautaka mwanya wako. Usiposema, fundi wa maabara ataona nafasi na ataijaza kwa nia njema.

Kwa mzee aliye kibogoyo, usikimbilie kufikiri kwamba kila jino lililotoka linahitaji skrubu yake. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, vipandikizi viwili tu vyenye vifungo vya kubana meno ya kuvua viwe ndiyo huduma ya kwanza ya kufikiriwa. Viwili! Mama anayefunga mdomo kwa kiganja kila akizungumza, kwa kuogopa meno ya chini yasiruke, anaweza kula na kucheka kwa skrubu mbili. Meno yasiyovuliwa, yanayofungwa juu ya vipandikizi vinne au sita, yapo pia, na bei yake ni ya mbali sana na hiyo.

Hatua ya 4: Kagua mwili wako

Sukari ndiyo ya kwanza. Wenye kisukari wanapandikizwa na wanapona, mradi sukari imetulia. Pima kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Kikiwa karibu na asilimia 7 madaktari wengi huendelea, na kikipita 8 wengi hukutaka usubiri kwanza.

Sigara na shisha hubana mishipa midogo ya damu inayolisha ufizi na mfupa. Kwa mvutaji, uwezekano wa kipandikizi kushindwa ni takriban mara mbili ya asiyevuta. Anayeweka ugoro au tambuu kando ya pengo ajue kwamba kidonda hakitapata nafasi ya kupona humo.

Taja kila dawa unayotumia. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti na zoledroneti, na sindano ya denosumabu, zinaweza kufanya mfupa wa taya ugome kupona na hata ufe. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe; aliyekuandikia azungumze na atakayekupasua. Sema kama umewahi kupigwa mionzi ya saratani shingoni au kichwani. Mjamzito asubiri ajifungue. Kijana ambaye hajamaliza kukua asubiri pia, walau apite miaka 18: meno yake mengine yataendelea kushuka pamoja na taya, kipandikizi kitabaki pale pale, na baada ya muda jino la bandia litaonekana fupi.

Ugonjwa wa fizi utibiwe kabla ya yote. Bakteria waliolegeza jino la kwanza hawahami kwa sababu umeleta titani.

Hatua ya 5: Daktari, picha na bei

Hakikisha anayekupandikiza ni daktari wa meno aliyesajiliwa: Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kwa KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Kusajiliwa pekee hakutoshi, kwa sababu kupandikiza ni ujuzi wa ziada juu ya shahada. Muulize amepandikiza wangapi, na kama kesi yako ni ngumu atakupeleka kwa nani. Daktari mzuri haoni vibaya kuulizwa.

Kisha picha. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa bila kuonyesha unene wake. Kinachotakiwa ni CT ya taya, inayouona mfupa pande zote. Kwenye taya la chini hupita neva inayoleta hisia za mdomo na kidevu, na ncha ya skrubu iachiwe walau milimita 2 kabla ya kuifikia. Kwenye magego ya juu, juu ya mfupa kuna uwazi wa hewa wa sainasi, na mfupa ukiwa mfupi lazima sakafu ya uwazi huo iinuliwe na kujazwa unga wa mfupa. Kati ya kipandikizi na jino jirani hubakizwa milimita 1.5, na kati ya kipandikizi na kipandikizi milimita 3. Mwambie akufungulie picha kwenye kompyuta na akuonyeshe vipimo hivi. Aliyekwambia "mfupa upo, usijali" bila kukuonyesha chochote, mshukuru ukatafute maoni mengine. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zote zina vyuo vikuu vinavyofundisha madaktari wa meno, na huko wapo mabingwa wa kuuliza.

Kwenye bei ndiko watu wengi huumia. Tangazo husema bei ya "kipandikizi", mgonjwa akaelewa jino zima, kumbe ni skrubu tu. Omba bei kwa maandishi ikiwa imegawanywa: picha, unga wa mfupa kama utahitajika, skrubu, kiungo cha kati kinachoishikisha kofia kwenye skrubu, kofia yenyewe, jino la muda, na miadi ya ukaguzi. Uliza skrubu ikikataa kushika nani atalipia ya pili. Waulize watu wa bima yako kabla, kwa maandishi vilevile, kwa kuwa bima nyingi hulipia kung'oa na kuziba na kuiacha kazi hii nje.

Wanaosafiri kwenda nje kupandikizwa wapige hesabu ya safari mbili. Mfupa hauna habari na tarehe ya tiketi yako, na kati ya skrubu na kofia kuna miezi.

Popote utakapofanyiwa, dai kadi ya kipandikizi: jina la kiwanda, aina, unene, urefu na namba ya toleo. Kila kiwanda kina bisibisi yake na vipuri vyake. Ukihamia mji mwingine na kitu kikalegea, daktari asiye na taarifa hizo atakuwa anabahatisha.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Usiende na njaa, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi. Madaktari wengi hutoa antibiotiki kabla, mara nyingi gramu 2 za amoksilini saa moja kabla ya upasuaji. Mwenye mzio wa penisilini aseme. Mfungaji wa Ramadhani apange siku nje ya mwezi huo akiweza, maana siku za mwanzo zinataka dawa kwa saa na maji mengi.

Ganzi ni ile ile ya kung'olea. Ufizi hufunguliwa, kisha mfupa hutobolewa kwa keekee nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi, huku maji ya chumvi yakimwagwa bila kukoma. Hayo maji ndiyo roho ya kazi. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hufa, na skrubu iliyopandwa kwenye mfupa mfu haishiki. Basi usione daktari anafanya polepole, anasimama, anaanza tena, ukadhani hajui. Haraka ndiyo ya kuogopa.

Utasikia mtetemo na msukumo, maumivu hapana. Ukisikia maumivu inua mkono, uongezewe ganzi. Kipandikizi kimoja kwenye mfupa mzuri mara nyingi huisha ndani ya saa moja.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo

Ng'ata kitambaa nusu saa. Siku hiyo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 juu ya shavu, kisha pumzika. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, halafu hushuka. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, au klorheksidini kama umeandikiwa. Klorheksidini usiipitishe wiki mbili, maana huacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Chakula kiwe uji uliopoa, mtori, viazi vilivyopondwa, ugali laini na mchuzi, parachichi, mayai. Tafunia upande wa pili. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, kama si zile zinazoyeyuka zenyewe.

Jambo moja halisubiri miadi: ganzi ikiisha na mdomo wa chini au kidevu vikabaki vimekufa ganzi, piga simu siku hiyo hiyo. Huenda skrubu imeibana neva, na kuitoa au kuirudisha nyuma mapema ndiko kunakoinusuru. Homa, usaha, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya nne badala ya kupungua, nayo ni ya kurudi mara moja.

Hatua ya 8: Kusubiri

Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, kwa kupandikiza vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa vikagoma. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 akampandikizia meno mgonjwa wa kwanza mjini Göteborg, na mtu huyo akaishi na vipandikizi vyake zaidi ya miaka 40. Siri yote ya tiba hii ni kule kukumbatiwa, na kukumbatiwa hakuharakishwi. Kwa desturi taya la chini husubiriwa miezi 3, na la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, hadi miezi 6. Siku hizi baadhi ya vipandikizi hufupisha muda huo, na wakati mwingine jino la muda huwekwa siku ile ile, lakini hilo ni la daktari kuamua akiona jinsi skrubu ilivyokaza.

Wiki ya tatu na ya nne ndizo za kuangalia zaidi. Mwanzoni skrubu hushikwa na mfupa wa zamani uliobanwa. Mwili huuondoa mfupa huo uliojeruhiwa kabla mpya haujakomaa, hivyo kati hapo mshiko hupungua. Na ndipo kidonda kimeshapona, huumwi popote, unajiona mzima. Miwa, kashata, mahindi ya kuchoma na mifupa ya kuku viache vipite. Miraa nayo. Usiliguse eneo kwa ulimi wala kidole kupima kama limekaza.

Hatua ya 9: Kiungo na kofia

Mfupa ukishashika, daktari hufunga kiungo juu ya skrubu, huchukua kipimo cha kinywa, na maabara hutengeneza kofia. Rangi ichaguliwe mchana kwenye mwanga wa dirishani, mdomo bila rangi. Sisi wa maeneo yenye floridi nyingi majini, kama Arusha na Bonde la Ufa, meno yetu yana madoa yake. Jino jeupe la dukani katikati yake hujitangaza. Mwombe fundi ayafuate.

Kofia hufungwa kwa skrubu ndogo au kwa saruji ya meno. Nafasi ikiruhusu, mimi huchagua ya skrubu. Inaweza kufunguliwa na kusafishwa, na haiachi saruji iliyojificha chini ya ufizi, ambayo ni chanzo kinachojulikana cha ugonjwa.

Jino la asili limelala kwenye nyuzi laini zinazolipa mnepo na hisia. Kipandikizi hakina, kimeshikana na mfupa moja kwa moja, hivyo kofia ikiwa ndefu hata kwa unene wa karatasi hutahisi mapema, na kila pigo litaenda mfupani. Usitoke hapo mpaka umeng'ata karatasi ya rangi mara kadhaa na daktari amesawazisha. Anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya usiku.

Hatua ya 10: Kuishi nacho

Kipandikizi hakiozi. Kinachougua ni ufizi na mfupa unaokizunguka, na kwa kawaida huugua kimyakimya, bila maumivu. Damu ukipiga mswaki, ufizi mwekundu uliovimba, usaha, au nyuzi za skrubu kuanza kuchungulia, hizo ndizo dalili. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku pitisha brashi ndogo ya katikati ya meno pande zote mbili za kofia. Mswaki wa mti ni mzuri kwa nyuso za meno, ila kwenye shingo ya kipandikizi haufiki.

Rudi kusafishwa kila miezi sita, na upigwe eksirei mara kwa mara ilinganishwe na ile ya siku ya kofia. Mfupa kupungua hadi milimita 1.5 mwaka wa kwanza ni kawaida. Baada ya hapo usizidi milimita 0.2 kwa mwaka.

Ikitokea jino linacheza, usikate tamaa papo hapo. Mara nyingi kilicholegea ni skrubu ndogo ya kofia, na hukazwa kwa dakika chache. Kama ni kipandikizi chenyewe, hakikazwi tena. Hutolewa, mfupa ukapona, pengine kikapandwa kingine. Acha kutafunia upande huo mpaka ijulikane ni kipi. Na kofia ikitoka kabisa usiigundishe kwa gundi ya dukani: ifunge kwenye karatasi safi, chukua kadi yako ya kipandikizi, umpelekee daktari vyote viwili.